Garo Moja kwa Kilima Kizima

Uniti za simu ya Cédric ziliisha kabla hajamaliza kusema. Eulalie akabaki na simu sikioni, na mkono mwingine umeshika kikombe cha dagaa wa sambaza alichokuwa akimpimia mteja. Alichosikia kilikuwa hiki: Venant, mumewe na askari mwenzake Cédric, alikuwa amepigwa risasi ya paja kabla ya jua kutoka, huko juu kwenye vilima vya nyuma ya Walungu. Alikuwa hai. Wenzake walikuwa wamemfunga garo ya kuzuia damu na sasa anateremshwa kwa machela ya kipoyi hadi soko la huko, kando ya barabara. Gari la kikosi lilikuwa bovu. Jamaa waje wamchukue wenyewe.

"Unanimalizia ao hapana?" mteja aliuliza, akiutazama ule mkono uliosimama hewani.

Eulalie akammiminia sambaza zote, akakunja turubai la meza yake na kupanda mteremko wa mtaa wao wa Kadutu mbio hadi nyumbani. Mama mkwe wake, Georgette, alikuwa mlangoni akichambua maharage, na mtoto Aurore amelala mgongoni mwake. Hakuhitaji kuambiwa mengi. Mama wa askari akiona mkaza mwana anakuja mbio saa za soko, ameshajua nusu ya habari.

"Amekufa?"

"Hapana, maman. Ni paja. Beko banamuleta ku barabara."

Georgette akamfungua Aurore mgongoni, akampeleka kwa jirani, akarudi ameshika rozari na kitenge chake kipya, kile cha Pasaka. Hakuna aliyempa ruhusa ya kwenda na hakuna ambaye angeweza kumzuia.

Mwenye gari mtaani alikuwa mmoja, mzee ambaye wote walimwita tonton Zagabe, na Toyota yake ya taksi aliyoiosha vizuri kila asubuhi kuliko alivyowaosha watoto wake. Alisikiliza huku anafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Maman Aurore, miye sikatae," alisema. "Venant ni mutoto wetu. Lakini damu haitokake mu viti. Kesho nani atapanda?"

"Niko na turubai, tonton. Tutatandika."

"Tandika, nione."

Basi Eulalie akatandika lile turubai linalonuka samaki, Zagabe akisimama nyuma yake na kumwonyesha pembe kwa kidole. Hapa hapajafika. Vuta mpaka ku mulango. Na huku chini, mahali pa miguu? Alivuta, akainama, akachomeka. Mumewe alikuwa anakufa barabarani na yeye anaulizwa habari za pembe. Alipomaliza akasimama, jasho likimtoka, akauliza kwa adabu: "Iko bien sasa, tonton?"

Zagabe akaona haya kidogo, akawasha gari.

Miezi michache kabla ya hapo Venant alikuwa amerudi likizo akitoka mafunzo. Walikuwa wamefundishwa namna ya kumwokoa mwenzao kabla hajafika kwa daktari, na kila kundi lilipewa garo chache: utepe mweusi mpana wenye kijiti cha plastiki katikati, unauzungusha kwenye mguu, unasokota kijiti mpaka damu isimame, kisha unakifungia palepale. Venant alijilaza sebuleni, akajifanya majeruhi, akamwambia Eulalie asokote.

"Kaza. Kaza tena. Ukiona nalia, jua imeshika."

Eulalie alicheka mpaka machozi. Lakini Venant hakuwa anacheka.

"Na nikikuomba ufungue, usinisikilize. Hata niseme nini. Ni docta tu anafunguaka."

Georgette hakungoja kusikia hayo. Aliinuka akipiga makofi ya mshangao, akasema ni mambo gani haya ya kuita mabaya ndani ya nyumba, akaenda kukaa kwa jirani mpaka mchezo ulipokwisha.

*

Walifika kwenye lile soko la barabarani wakakuta kipoyi bado hakijafika. Wakangoja. Wauza mihogo walijua habari yote na waliieleza bila kuulizwa.

Kwenye vilima vile, mgonjwa hubebwa na wanaume wa kilima chake hadi mpakani, hapo wanamtua, na wanaume wa kilima kinachofuata wanampokea. Huwezi kukatiza kilima cha watu na mgonjwa begani bila kuwaita wenyewe. Utakuwa umewaambia hawana nguvu wala huruma. Ni desturi nzuri na imeokoa wajawazito wengi. Ila Venant alikuwa ametuliwa chini kwenye kila mpaka, watu wakasalimiana, wakaulizana habari, mtu akatumwa kuita wengine mashambani. Kwenye kilima kimoja wanaume wote walikuwa mazishini, na ikabidi wangojewe mpaka mchanga wa mwisho. Cédric aliwasihi wale wa kwanza waendelee tu. Wakamjibu kwamba hawawezi kuwafanyia jirani zao vile.

Jua lilikuwa limeshainama kipoyi kilipotokea. Cédric alikimbia kando yake, bila kofia, buti moja limeachama.

"Tulimufunga kungali giza," alimwambia Eulalie. Alikuwa anahema. "Damu ilisimama. Madame, unisikie. Musifungue. Hata akilia, musifungue. Mpaka docta."

"Najua. Alinifundisha."

"Miye narudi juu. Kule tulibakia wachache."

Walimlaza Venant juu ya turubai, kichwa mapajani mwa mama yake, mguu mapajani mwa mke wake. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Georgette alitoa kile kitenge cha Pasaka na kumfunika, akamfuta matope kwenye paji la uso, akamwita majina ya utotoni ambayo Eulalie hakuwahi kuyasikia.

*

Barabara ya Walungu tunaijua wote. Kila shimo lilimfikia Venant paja likiwa la kwanza. Mwanzoni aliuma meno. Kisha akaanza kuomba.

"Mama Aurore. Fungua kidogo."

"Karibu tunafika."

"Kidogo tu. Nipumue. Minakupigia magoti."

Hakuwa na uwezo wa kupiga magoti wala wa kukaa. Eulalie aliweka kiganja juu ya kijiti cha garo na hakukiondoa tena. Kando ya magoti yake, buti likiwa limeshavuliwa, aliona vidole vya mguu wa mumewe vimebadilika rangi, na alipovigusa vilikuwa baridi. Je, kama amesahau? Je, kama Venant alisema fungua baada ya muda fulani na yeye alikuwa anacheka?

"Hauna roho weye?" Georgette alisema. "Uguse huu muguu. Umepoa! Unamuozesha mutoto wangu akingali muzima!"

"Maman, ni yeye mwenyewe alinifundisha."

"Alikufundisha kumuua?"

"Alisema asifunguliwe hata akilia."

"Mutu gani anasema vile? Tonton Zagabe, weye unasikia mambo haya?"

Zagabe alisema yeye anatazama barabara.

Wakafika barieri. Kamba ilikuwa imevutwa katikati ya njia, na watu wake wenye bunduki hawakuwa na haraka. Mmoja alichungulia dirishani, akaona suruali ya kijeshi.

"Huyu ni wa nani? Iko na ruhusa ya kutoka ku mustari wa vita?"

"Ni majeruhi, papa. Tunaenda ku hopitali."

"Shuka umuelezee shefu. Na weye mushofa, fungua nyuma."

Eulalie alitazama mkono wake juu ya kijiti. Akamtazama mama mkwe wake.

"Maman, minawaomba. Musiguse."

Georgette alikuwa anamfuta Venant paji la uso.

Shefu alikuwa kibandani anakula fufu. Alimwonyesha Eulalie ardhi kwa kidole chenye mchuzi. Eulalie akapiga magoti. Akaeleza habari ya paja, habari ya gari bovu, habari ya kipoyi. Shefu alitafuna, akachovya tonge, akauliza kama ana hakika kwamba mumewe hakukimbia vita. Akaomba maji. Akanawa mkono mmoja, halafu wa pili.

Ndani ya gari Venant alifumbua macho.

"Maman."

"Niko hapa, mutoto wangu."

"Weye ndiye ulinizaa."

Macho yake yakaenda kwenye garo. Mama gani angekaa na mikono mapajani? Georgette alikitoa kijiti mahali pake, kikazunguka chenyewe, akaulegeza ule utepe taratibu, kama anavyolegeza ngobi, kitambaa cha kubebea, mtoto akilala mgongoni. Venant alivuta pumzi ndefu. Uso wake ulilainika, hata akatabasamu, na Georgette akamshukuru Bikira Maria kwa sauti. Halafu akasikia uvuguvugu ndani ya viatu vyake.

Kelele iliyofuata ilikuwa ya Zagabe. Eulalie alitoka mbio akiwa bado na mchanga magotini. Damu ilikuwa imejaa kwenye mkunjo wa turubai na sasa inamwagika mlangoni. Georgette amekandamiza kitenge kwa viganja viwili, na damu inapita katikati ya vidole.

"Mutoke, maman!"

"Usimukaze tena! Alikuwa anapumua! Alikuwa anacheka!"

"Mutoke!"

Walikishindania kijiti, mikono minne inateleza. Na hapo Eulalie, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumkatiza huyu mama neno, alimshika mkono akamvuta nje kwa nguvu zote, na Georgette akaanguka matopeni kwa viganja vyake, mbele ya watu wa barieri. Eulalie akaingia, akasokota. Venant akapiga ukelele. Akasokota tena, akaegemea kwa uzito wake wote, mpaka Venant hakupiga ukelele tena na damu ikasimama.

Shefu alikuwa ametoka kibandani na taulo mkononi. Alitazama lile turubai, akawaashiria wenzake wateremshe kamba. Magoti ya Eulalie hayakuwa yamefanya kazi hiyo; damu ndiyo iliifanya.

"Tuende," Eulalie alisema.

"Na maman?" Zagabe aliuliza.

Georgette alikuwa ameshainuka, ameshika mlango. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki ndani ya gari.

"Mubakie, maman."

"Ni mutoto wangu!"

"Mubakie!" Eulalie akauvuta mlango kutoka mkononi mwake. "Tuende, tonton, tuende!"

Gari likaondoka. Mwanamke mzima, mjane, mama wa kanisa, akaachwa katikati ya barabara na kiatu kimoja, kitenge mkononi, mikono myekundu hadi viwiko. Mmoja wa wale wenye bunduki alicheka, kisha akaacha.

*

Georgette alifika hospitalini jioni nyuma ya pikipiki ya mtu aliyemhurumia. Ua ulikuwa umejaa jamaa za wagonjwa, kila mmoja na jiko lake na sufuria yake. Venant alikuwa bado kwenye chumba cha upasuaji. Georgette hakuuliza hali yake. Alisimama mbele ya Eulalie, mbele ya watu wote.

"Batu ba Mungu, muone huyu! Aliniangusha mu matope! Aliniacha mu barieri kama umbwa, juu nilitaka kumupunguzia mutoto wangu maumivu!"

Kila neno lilikuwa kweli. Mwanamke aliyekaa karibu na Eulalie aliinua sufuria yake ya maharage na kuisogeza upande wa pili, mbali naye.

Docta alitoka giza likianza kuingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, docta Laurette, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Famille ya Venant? Iko muzima," alisema. "Muguu tulikata. Juu ya goti."

Georgette alikaa chini palepale aliposimama.

"Toka alfajiri damu haikupita, maman. Nyama ilishakufa. Angefika mapema, tungeuacha. Njia ndiyo ilikula muguu." Akageuka kwa Eulalie. "Lakini bila garo hamungeleta mutu. Mungeleta maiti. Kuko kitu moja tu sielewe. Alipoteza damu mingi sana mu njia, damu ya sasa sasa. Nani alifungua?"

Ua wote ulikuwa unasikiliza. Georgette aliinua uso wake. Nguvu zote alizokuwa nazo dakika chache nyuma zilikuwa zimemwishia, na Eulalie aliliona hilo waziwazi. Angeweza kulipiza kwa neno moja, na yule mwanamke angerudisha sufuria yake.

"Ilijifungua, docta," alisema. "Mashimo mu barabara."

Docta Laurette alitazama kitenge cha Georgette, halafu mikono yake. "Njia ile ni mubaya," alisema, akarudi ndani.

*

Venant alipozinduka aligusa blanketi mahali pasipo na kitu. Aligusa tena. Eulalie alimshika mkono na Venant akauondoa.

"Nilikuomba, Eulalie," alisema.

Alimwita kwa jina. Tangu Aurore azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Ni weye ulinifundisha. Ulisema hata ulie…"

"Nilikuomba."

Akageukia ukutani. Askari wa mguu mmoja anafanya nini? Analinda mlango wa nani? Hayo aliyawaza ukutani siku ile na siku zilizofuata, akila alicholishwa na mama yake, akikataa alichopika mke wake. Eulalie alipika tu, akaweka, akakiondoa kimepoa. Alilia chooni, kwa sababu ni mahali pekee hospitalini penye mlango. Alikuwa ameokoa mtu ambaye hakutaka kumwona.

Juma lililofuata alikuja Cédric. Alikaa kitandani, akamshika Venant bega. Kisha alimfuata Eulalie nje, akazungusha kofia mikononi.

"Madame, pardon. Naona haya kuuliza. Ile garo… iko wapi?"

Eulalie hakuelewa.

"Zile zingine zilipotea, zingine zilienda na batu. Ku kilima chetu ilibakia ile moja. Tunapanda leo." Akaitazama kofia yake. "Kule batu beko banauliza kama itarudi."

Ilikuwa ndani ya mfuko ambao muuguzi alimpa siku ya kwanza, pamoja na suruali iliyokatwa kwa mkasi. Eulalie hakuwa ameufungua. Sasa aliufungua kwenye bomba la uani, akasikia harufu. Alichukua sabuni na brashi, akaanza kusugua. Maji yalitoka ya kahawia.

Kivuli kilimwangukia. Georgette alikuwa amesimama pale. Tangu ile jioni walikuwa hawajasemeshana.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, maman."

Georgette alichutama. Aliugusa utepe kwa kidole, akakigeuza kijiti huku na huku. Kisha akakunja mkono wa blauzi yake mpaka begani na kunyoosha mkono.

"Nifunge."

"Maman, muache."

"Nifunge. Sawa vile ulimufunga."

Eulalie alimtazama usoni, akaona hataki kubembelezwa. Akauzungusha utepe ule ukiwa bado na maji, akasokota.

"Kaza," Georgette alisema.

Akasokota tena. Vidole vya mama vilianza kubadilika rangi. Georgette alifumba macho, akaanza Salamu Maria, sauti ikapanda, maneno yakaanza kugongana, na sala haikufika katikati.

"Fungua! Fungua, fungua!"

Eulalie alifungua papo hapo. Georgette alikaa kwenye saruji yenye maji, akiusugua ule mkono, ameachama kama aliyetoka kupanda mlima. Alama nyekundu ilizunguka mkono wote.

"Sala moja imenishinda," alisema. "Na yeye toka asubui…" Akalia kwa sauti, bila kujificha, na wale wanawake wa ua wakageuka. "Ni miye nilifungua, Mama Aurore. Angekufia mu mikono yangu, na miye nacheka naye."

"Najua, maman."

"Na ulimudanganya docta."

Eulalie alirudi kwenye brashi yake. Alisugua mishono, akasuuza, akakung'uta maji, akakijaribu kijiti kama kinazunguka vizuri. Alipoinua mkono kumwita Cédric, Georgette aliichukua ile garo kutoka kwake, akaikausha kwa kitenge chake, kile cha Pasaka, ambacho madoa yake yalikuwa hayajatoka, na yeye mwenyewe akamnyooshea Cédric. Lakini hakuiachia.

"Cédric. Siku mutafunga mutu na hii, na mama yake iko mu gari…"

"Ndiyo, maman?"

"Mumushushe," alisema. "Hata akilia."